Mfuniko wa Jirani

Jirani yangu hapa Buyenzi hapashi nyama kwa macho, anapasha kwa sikio. Jana ilikuwa Idi, na mama mkwe gari lilimharibikia njiani kutoka Rumonge. Leo ndiyo anafika, na fungu lake ni kiporo cha bata mzinga kilichokauka kwenye frigo kama mkeka. Jirani aliingia na sufuria yake mwenyewe, maana za watu haziamini. Akapanga minofu, akaimwagia supu ya mifupa kikombe kimoja tu, akafunika kwa jani la mgomba, kisha mfuniko, akapunguza makaa mpaka yakabaki matatu. Halafu akainama, sikio karibu na sufuria.

"Apana fungua, mama. Sasa inanong'ona tu. Ikipiga kelele, tumeiua."

Kila niliposogea alinipiga mkono polepole, kama anayefukuza nzi, bila kunitazama.

Mama mkwe akafika, akanawa, akaanza kula. Mi nilihesabu matonge. Akauma mnofu, mchuzi ukamtiririka mpaka kiganjani, akaulamba, akauliza, "Mumechinja tena leo?"

Nilishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Nikageuka nimshukuru jirani, mtu asiyebabaika. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia, macho ameyafumba, mfuniko ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili, na maji ya mvuke yanalowesha gauni lake la Idi.