Karai la Kufunikwa Mlangoni

Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo mengi ninayojua nilifunzwa na majirani. Kule Kianda, Kibera, jirani yangu alikuwa mama wa kuuza samaki. Mvua ikianza, aliyeko nyumbani anaanua nguo za ploti nzima, vyumba vyote vya kupanga, halafu anafunika karai kifudifudi nje ya mlango wake. Ukirudi ukaona hilo karai, unajua nguo zako ziko hapo, kavu. Huyo mama hakuwa anakunja nguo. Alikuwa anaziviringisha kama chapati, maana mkono wake mmoja ulikuwa mbovu. Mimi mikono yangu ilikuwa mizima, na bado niliviringisha. Nilidhani ndiyo sheria.

Mwaka wa tisini na sita hivi, kazi ya mjengo ikanihamisha Kawangware. Sijamaliza hata wiki, mvua ikaja mchana. Nikaanua kamba yote, mpaka zile nguo za ndani ambazo mwanaume mwenye akili huziacha zinyeshewe. Nikafunika karai nje, nikaketi nikijisifu.

Mama wa mlango wa pili akarudi, akakuta kamba tupu. Akapiga nduru ya mwizi. Ploti ikajaa, wakachungulia kwangu, wakaona nguo zao kitandani.

"Si mnaona karai?" nikauliza.

"Karai gani?" akasema jamaa mmoja ameshika mbao. "Huyu amevuta nini?"

Nairobi, mwizi haulizwi mara mbili. Yule mama akaingia, akatafuta, akainua sidiria yake iliyoviringishwa vizuri sana. Akaiangalia, akaniangalia.

"Mwizi gani huyu anapangia watu sidiria?"

Wakacheka. Mbao ikashuka, na mimi nikapumua.

"Lakini kijana, nguo zangu usiguse tena."

"Sawa, mathe."

Tangu hapo mvua ikinyesha nilikuwa nasimama mlangoni, mikono mfukoni, naangalia blanketi za watu zikilowa.

Halafu Jumamosi moja nikafua suruali yangu ndefu, ile moja ya kanisa, nikaenda mjengo na kaptura. Mvua ikatupata huko. Nilirudi mbio, nikakuta kamba tupu. Nikajua imeenda. Kugeuka hivi, kwa mlango wa yule mama, karai limefunikwa.

Akanitolea suruali. Kavu, imeviringishwa kama chapati.

"Mbona umeviringisha?" nikamuuliza.

"Kwani si ndivyo inafanywa?"

Nikaangalia mikono yake, yote mizima.

"Ndivyo, mathe," nikasema. Jumapili nikaenda kanisani na makunyanzi yangu yote, na sijawahi kuimba vile.