Mita Sita za Nahodha

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne, Kigali nzima ilikuwa na mtu mmoja aliyesomea kupima kina cha maji kwa sauti. Mimi. Nilizaliwa ukimbizini Tanzania, nikabeba magunia bandarini Dar es Salaam mpaka nikajilipia diploma, kisha nikachora ramani za sakafu ya bahari zilizoongoza meli ndefu kuliko ghala lolote la Gikondo, eneo la viwanda la Kigali. Niliporudi Rwanda, watu walinicheka: huku milimani utapima bahari gani? Nikawajibu kwa kupima ghuba ya Ziwa Kivu ambako vyombo vya kurudisha wakimbizi vingetia nanga.

Ramani hiyo ilikuwa mezani ofisini kwangu Gikondo, pembeni ya redio ya mawasiliano, siku tishari la kwanza, chombo bapa cha mizigo, lilipoingia. Lilibeba unga na familia zinazorudi kutoka Zaire, na lilihitaji mita mbili na nusu za maji ili lielee. Upepo ulikuwa umelitoa kwenye njia niliyoichora. Nahodha, mzaliwa wa Bukavu, akaamua kukata moja kwa moja hadi gatini. Kwa alama alizonitajia redioni, ramani yangu ilionyesha yuko kwenye mita tatu, na mbele yake mwamba wenye mita moja na nusu tu ya maji juu yake.

"Huku iko maji mingi, Papa," alisema redioni. "Mashine yangu ya kupima maji inasema mita sita. Karatasi yako iko na uongo."

Mkurugenzi wangu, aliyelelewa Kampala, alisimama nyuma ya kiti changu. "Injinia, yeye yuko majini, wewe uko Gikondo. Mwache apite."

"Mzee, akipita, watu watazama."

"Na kama umekosea wewe?"

Nilimuuliza nahodha mashine ilisoma nini tangu alipoipita rasi ya kuingilia ghuba.

"Kumi. Nane. Sasa sita."

Kwenye ramani: tano, nne, tatu. Kila namba yake ilikuwa mara mbili ya yangu! Sakafu ile ni mawe ya volkano, magumu. Sauti hugonga mwamba, hupanda, hugonga uso wa maji na kushuka tena, na mashine iliyoongezwa nguvu kupita kiasi husikia safari ya pili badala ya ya kwanza.

"Punguza nguvu ya mashine. Nusu."

"Papa, upepo unatusukuma, wamama wanalia..."

"Punguza!"

Tulisikia watoto, na injini, basi. Mkurugenzi aliinama juu ya ramani.

"Tatu," nahodha alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Papa, iko tatu."

"Rudi nyuma sasa hivi. Kwa nguvu zote."

Injini ilinguruma mpaka spika ikakwaruza. Nilimtoa pale kwa redio, alama moja baada ya nyingine, hadi watu wote wakashuka gatini.

"Papa," aliita baadaye, "unitumie karatasi ingine. Ile ya kwanza nilifungia samaki."

Nilimtumia mbili, moja ya kusoma na moja ya samaki, nimezitia saini zote.