Vidole vya Mama Vilivyokataa Kusomeka

Kwaya ya mama yangu ilipoamua kwenda Rwanda kwa siku mbili, si kuimba bali kushangaa tu, nilijua makaratasi yataniangukia mimi. Mimi ndiye mwanaye wa mjini, ijapokuwa mji wenyewe ni Katoro. Nikahangaika na cheti cha kuzaliwa, picha, barua ya mtendaji na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sindano alichomwa huku anacheka, akasema si kitu kwa mtu aliyezaa watoto saba. Kilichotutoa jasho ni pasipoti.

Afisa wa uhamiaji alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia mama, akamwomba aweke vidole kwenye kioo cha mashine. Mashine ikakataa. Akafuta kioo, akafuta na vidole, ikakataa tena.

"Labda imeshiba, baba," mama akamwambia.

Kijana akacheka, akavigeuza viganja vya mama, akamuuliza anafanya kazi gani. Mama akajibu anaponda mawe ya dhahabu, kwa nyundo, tangu machimbo ya Mwakitolyo mpaka huku. Basi alama za vidole zilikuwa zimesagika pamoja na mawe! Afisa akashauri apumzishe mikono wiki mbili, apake mafuta, asishike kitu kigumu, kisha arudi. Kwa tarehe ya basi la kwaya, wiki mbili tulikuwa nazo. Ya tatu hatukuwa nayo.

Nikamhamishia kwangu ili nimlinde. Lakini kumwambia mama yangu akae bure ni sawa na kumwambia ng'ombe asicheue. Siku ya kwanza nilimkuta anafua. Siku ya pili alijificha nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi, akadai mahindi si mawe. Siku ya nne jirani alinipigia simu nikiwa kazini dukani kunieleza kwamba mama ameazima nyundo. Nilirudi mbio na bodaboda.

"Nilikuwa naishika tu," akasema.

Hapo nikageuka askari. Nilimpaka samli, nikamvalisha soksi mikononi, soksi ndefu za kijivu. Wageni walimkuta amekaa barazani na soksi zake, naye akiwaambia kwa madaha kwamba ameajiriwa kupumzika. Wanakwaya wenzake walikuja kumcheka, wakaondoka wakimwonea wivu.

Kila jioni nilimvua soksi nikampaka upya. Niseme ukweli, nilikuwa sijawahi kuishika mikono ya mama yangu kwa muda mrefu namna ile. Ilikuwa migumu kama kisigino. Mimi nilisoma sekondari kwa mikono ile, na sikuwahi hata kuitazama. Niliona aibu sana, na kwa kuwa sijui kuona aibu kimyakimya, nikawa namgombeza kwamba hatulii.

Tuliporudi ofisini, vidole tisa vikasomeka kimoja baada ya kingine. Kidole gumba cha kulia, kinachobana mpini wa nyundo, kikagoma. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mama alikuwa ameacha utani. Niliona midomo yake inacheza na nikajua anasali, kumbe safari hii aliitaka kuliko alivyotuonyesha. Afisa akakishika kile kidole kwa mikono yake miwili, akakilaza kwenye kioo taratibu, akakikandamiza. Mashine ikalia.

"Imesoma, mama."

Tulipotoka nje, mama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ng'wana wane, mwanangu, sasa naruhusiwa kushika kitu?"

"Shika unachotaka, mama."

Nilidhani atanipokonya mkoba aubebe yeye. Badala yake alichukua mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akapitisha kidole chake polepole kwenye vidole vyangu vyote, akikagua kama alivyofanya yule afisa.

"Huu ungesomeka siku ya kwanza," akasema, akaridhika.