Fundi wa Tanga Pale Mutomo

Syombua ndiye aliyempelekea yule fundi wa kutoka pwani kitambaa cheupe cha magauni ya kwaya; basi kikipungua, kanisa zima litamtazama yeye. Na kila akipita sokoni Mutomo humkuta fundi ameacha cherehani, ameketi mkekani anashona kwa mkono tanga la ngalawa, jeupe vilevile. Hulowesha kidole kwa mate, hukitoa mlangoni kuonja upepo, kisha hurudi kwenye pindo.

“Fundi, huku hata mto ni mchanga. Tanga la nini?”

“La kaka yangu, Mama. Mwaka jana kwenye mashindano alikuwa mbele, pindo likapasuka, wakampita wote.”

“Mm. Na kitambaa cha Bwana?”

“Kipo.”

Jumamosi Syombua alikwenda na futi yake, akapima magauni yote na hata vipande vilivyobaki. Kitambaa hakikupungua hata shubiri. Akaligeuza tanga, akaona kwa ndani maandishi yaliyofifia ya mifuko ya unga. Fundi hakununa. Alishika pindo la gauni la kwaya la Syombua, akamwonyesha kamba nyembamba aliyoipitisha ndani, kama ya tangani.

“Upepo wenu nao una fujo, Mama.”

Syombua akaikunja futi, akaikunjua, akaikunja tena, hana pa kuitia.