Gitaa Asilolisikia Mpigaji

Watu walimwita Taratibu. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake wa kiwanda cha nguo, kwa sababu hata mtambo ukikwama na msimamizi akawa anafoka, yeye kwanza alifuta mikono, akatazama, ndipo akachukua spana. Mitambo hiyohiyo ya kufuma ndiyo iliyomla masikio. Hayakufa kwa siku moja. Yaliisha kama soli ya kiatu inavyoisha: mtu unatembea tu, na siku unayokuja kujua, mguu uko chini.

Aliyejua ni mkewe peke yake, na mkewe si mtu wa kupayuka.

Kazini ufundi, nje ya kazi besi. Taratibu alikuwa mpiga gitaa la besi katika bendi ya roki ya watu wanne, wote watu wa kiwandani, na walizeeka nayo. Mkewe hakuupenda muziki huo hata kidogo. Aliuita ugomvi wa masufuria. Wakija kufanya mazoezi sebuleni, yeye alibeba mshono wake akahamia kwa jirani, wala hakuona haya kusema anakimbia nini. Lakini kila shati la mumewe lililochakaa begani kwa ule mkanda wa gitaa, ni yeye aliyelitia kiraka.

Basi mwimbaji wao akapata siku moja studio. Miaka yote hiyo walikuwa hawajawahi kurekodi hata wimbo mmoja. Na gitaa la Taratibu, kama lililosubiri, likapinda shingo, nyuzi zikaachana na ubao hadi kidole kikapita chini yake. Fundi wa magitaa akasema halifai tena. Mpwa wa mpiga ngoma alikuwa na gitaa zuri na nyimbo zote alizijua. Ilikuwa wazi: mzee asipopata besi ya kufaa, kijana ndiye atakayerekodi.

"Akirekodi yeye," Taratibu alimwambia mkewe, "mimi nilikuwa napiga hewani miaka yote. Kesho twende wote dukani."

"Nikafanye nini? Mimi na hayo makelele yenu tangu lini?"

"Ukawe masikio."

Asubuhi yule mama alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Dukani magitaa yalining'inizwa ukutani kwa shingo. Mpiga ngoma alikwisha tangulia, na alipomwona mama mlangoni akasimama.

"Shemeji, leo jua limechomoza magharibi?"

"Limechomoza palepale. Miguu ndiyo iliyobadili njia."

Muuzaji, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaleta magitaa mawili ya besi. La kwanza jeusi, jepesi, jipya. Taratibu akaketi, akalipiga. Uso wake haukusema kitu. Akainama kama mtu anayejikuna, akaliegemeza taya kwenye ubao, akapiga tena. Bado hakuna kitu. Akalirudisha.

La pili lilikuwa la kahawia, kuukuu, zito kama mlango. Akaliwekea taya vilevile, akapiga uzi mnene wa juu. Hapo mama akauona uso wa mumewe unafunguka. Uso ule mara ya mwisho aliuona siku mtoto wao wa kwanza alipowekwa mikononi mwa baba yake. Ubao ulikuwa unampitishia sauti mfupani. Akafumba macho, akapiga, akapiga.

"Hili," alisema. "Nalisikia mpaka kwenye meno."

Mpiga ngoma akacheka, akidhani ni maneno ya kusifia tu.

Lakini mama alikuwa na kazi aliyopewa, na aliifanya. Chini ya zile sauti alisikia mvumo, kama wa friji mbovu, ambao hata vidole vikiinuka wenyewe unaendelea.

"Hilo lina mvumo," muuzaji alisema, ameinamia waya. "Ukumbini mtavumilia. Studio watazidi kuishusha besi hadi isisikike kabisa."

Taratibu aliendelea kupiga, macho yamefumbwa.

"Umemsikia lakini?" mpiga ngoma akamuuliza. Vidole viliendelea tu. Akamtazama mama, na mama akatazama ukutani.

Angeweza kunyamaza. Nani angemlaumu? Mtu kapata furaha yake baada ya miaka ya kunyimwa, umnyang'anye wewe, mkewe, mbele ya watu? Roho ilimwuma hasa. Ila hakuwa mtu wa kukubali kazi akaifanya nusu. Akamgusa bega, akasimama mbele yake pale anapoweza kuisoma midomo.

"Lina mvumo."

"Mvumo gani?"

"Ukinyamaza wewe, lenyewe halinyamazi."

"Na lile jeusi?"

"Lile safi. Kila uzi unasema neno lake, basi."

Taratibu akashusha pumzi. "Lile silisikii kabisa, mama watoto. Kwangu ni kama kukwaruza meza."

Alikwisha sema, na mpiga ngoma yupo. Yule bwana akaja polepole, akajiweka usawa wa macho yake.

"Tangu lini?"

"Tangu wewe hujaota mvi."

"Na tunaingia pamoja kila wimbo. Unaingiaje?"

"Natazama goti lako."

"Goti," mpiga ngoma alisema. "Na mimi miaka yote nadhani unaniringia, hutaki kunitazama usoni."

Taratibu alilipakata lile la kahawia kwa muda mrefu, amelilazia taya, hapigi. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akalinyanyua kwa mikono miwili, akampa muuzaji.

"Nipe jeusi."

Siku ya studio, fundi mitambo wa pale alitaka mpiga ngoma akae chumba cha peke yake, mlango ufungwe. Mpiga ngoma akakataa katakata, hadi kiti chake kikahamishiwa penye kioo, na goti likaonekana. Taratibu alipewa vile vya kuvaa masikioni, akavitundika shingoni kwa heshima tu. Mama akaketi karibu na spika, mkoba magotini, akausikiliza ugomvi wa masufuria kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Walipomaliza, fundi akaurudisha wimbo wausikie. Wengine walisogelea spika. Taratibu hakusogea. Alikuja kusimama mbele ya mkewe.

"Nipo?"

Mama akainua kiganja, ngoja kwanza. Alisikiliza. Chini ya makelele yote palikuwa na mtu anayetembea kwa miguu yake, hamsukumi mwenzake wala haachwi nyuma. Mama hakuwa amemsikia kabla ya siku ile. Wimbo ulikwisha, na kiganja kikabaki juu kidogo, mpaka alipokuwa na uhakika na sauti yake mwenyewe.

"Upo," alisema. "Ila pale katikati ulichelewa."

"Sana?"

"Kidogo. Rudieni."

Wakarudia.