Salamu kwa Mbwa Mwitu

Tulipofika Maskati kutoka Unguja mwaka 1964, mimi na mama, ammi yangu, ndugu wa baba, alitupokea nyumbani kwake Ruwi. Ruwi ya siku zile ilikuwa visima, mitende na nyumba za udongo zilizoegemea mlima, na pale Hamriya palipojaa maduka sasa palikuwa mahali pa kuchunga mbuzi. Mama alikuwa akilia kila akipika mchuzi bila nazi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nimesoma, najua kushona kofia za viua, na nilipopewa mbuzi niwachunge nilijiona nimeteremshwa daraja. Nilikuwa na kiburi, sifichi.

Mwenzangu wa kuchunga alikuwa binti wa ammi, aliyenizidi mwaka mmoja. Tulipofika hakujua neno la Kiswahili. Kabla mwaka haujapita alikuwa akimtania mama kwa Kiunguja kitupu. Mama akampenda. Akamfundisha kushona kofia, na haikuchukua muda akanipita. Vitobwe vyake, vile vitundu vya kofia vinavyozungushiwa uzi, vilikuwa vidogo, vimelingana, hata mama akawa anawaonyesha wageni kofia zake, zangu anaziweka chini ya mto. Nilimwonea wivu, ingawa tulilala mkeka mmoja na kucheka pamoja.

Yeye naye alinifundisha mlima. Huko juu kulikuwa na mbwa mwitu, ambaye wao humwita dhiibu, na kila msichana mchungaji alijua namna ya kujikinga naye. Hutoki peke yako. Kila mmoja hubeba mawe matatu ya kujaa kiganja ndani ya pindo la mtandio, wala huyaweki chini hata ukichoka. Ukimwona hukimbii na humpi mgongo, maana ukikimbia umeshakuwa mbuzi. Kisha kanuni kubwa kuliko zote: mnyama huyo hawezi kuwatazama watu wawili kwa wakati mmoja. Anayetazamwa huyaachia mawe yake, akautanua mtandio juu ya kichwa kwa mikono yote miwili ili aonekane mkubwa, akasimama imara. Asiyetazamwa ndiye anayerusha.

"Mmoja ukuta, mmoja mkono," aliniambia. "Ukuta ukijua mkono upo, hauogopi."

Nilimsikiliza, lakini kichwani nilikuwa na mafunzo mengine. Kwetu shamba, Unguja, tulilelewa tukijua kwamba chui ana mwenyewe. Kuna watu waliosemwa kuwa wanawafuga na kuwatuma. Ukikutana naye njiani humrushii jiwe, kwa sababu umempiga chui wa mtu, na mwenyewe atajua wewe ni mtoto wa nani. Unasimama kando, unamsalimu kwa adabu, unamwambia apite, huna lako naye. Bibi yangu aliapa kwamba ndivyo alivyofanya yeye, na akapishwa.

Tulikutana na mbwa mwitu mwaka 1966, asubuhi, jua limeshapanda, katika bonde jembamba lenye migunga. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, rangi ya vumbi, mbavu zinahesabika. Binti ammi alikuwa amesimama baina yake na mbuzi mwenye mtoto, kwa hiyo mnyama akamtazama yeye. Mwenzangu akafanya kama alivyonifundisha. Aliyaachia mawe yake, akainua mtandio kwa mikono miwili, akatoa sauti nzito. Mimi nilikuwa hatua kumi pembeni, mawe matatu ninayo, moja mkononi.

Nikasema, "Salaam alaykum. Pita, bwana, sie wageni, hatuna letu nawe."

Naam, na kwa Kiswahili. Binti ammi aligeuza uso kunitazama, na hapo hapo akarukiwa. Meno yaliingia kwenye kifundo cha mkono wa kulia na kuutikisa. Alimpiga kwa mkono wa kushoto, akampiga kwa goti, mpaka mnyama akamwachia na kupanda jabali. Jiwe langu lilinidondoka karibu na mguu wangu mwenyewe.

Nyumbani walimchoma kwa chuma cha moto penye jeraha, ndiyo dawa waliyoijua. Kisha wakasema aangaliwe siku arubaini. Akiyaogopa maji, basi ndiyo kichaa cha mbwa. Kazi ya kumpa maji niliiomba mimi. Kila asubuhi nilimshikia kikombe huku nikilitazama koo lake, na kila akimeza nilitaka kulia. Aliyanywa siku zote arubaini. Akapona, ila vidole vitatu havikukunjika tena. Sindano ilikuwa ikimponyoka. Alijaribu mwezi mzima, kisha akaichukua kofia aliyokuwa ameifikisha nusu, akampa mama aimalize.

Ammi aliponiuliza kwa nini sikurusha jiwe, nilimweleza mambo ya chui wa Unguja. Nilidhani atanipiga. Alinitazama kwanza, halafu akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Watu wakahadithiana. Wanawake kisimani wakaniita mtoa salamu, na wageni wakija walitaka niwaonyeshe nilivyosema. Nikawaonyesha. Nikaongeza kuinama, nikaongeza kumuuliza mbwa mwitu habari za wanawe. Binti ammi alikuwa akikaa karibu, mkono kauficha ndani ya mtandio, akicheka pamoja na watu.

Lakini sivyo ilivyokuwa. Maneno niliyatamka, na mambo ya chui niliyaamini, kidogo. Ila mkono wangu haukuzuiwa na adabu. Mbwa mwitu alipomchagua yeye, nilifurahi. Niliona nikirusha atanigeukia mimi, na nikaona heri aendelee kumtazama mwenzangu. Kwa salamu ile nilikuwa namwambia mnyama kwamba mimi simo. Nafasi ya kurusha mawe yote matatu nilikuwa nayo. Na hata leo sina hakika kwamba zile kofia hazikunipitia kichwani.

Nilikaa nalo miaka minne. Mwaka 1970 niliposwa. Binti ammi alikuwa bado hajaposwa, na hakuna aliyesema kwa nini. Siku chache kabla ya harusi alikuwa akinisaidia kukunja nguo zangu za kwenda nazo. Wageni walikuwa wametoka punde tu, na kabla hawajatoka nilikuwa nimewaonyesha salamu yangu, wakacheka mpaka machozi. Nikaona sitaweza kuingia nyumba ya mtu na uongo huu. Nikamwambia yote, kwa Kiswahili, haraka haraka, macho yangu kwenye nguo. Hata la kofia nikalisema.

Hakushituka. Aliendelea kukunja, mkono mmoja ukibana nguo, mwingine ukiilaza.

"Nnajua," alisema. "Siku ile nlikuwa nnakutazama wewe, si yeye. Nliuona uso wako."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema miaka yote hiyo.

"Mlikuwa wageni wetu. Baba angekutoeni, wewe na mama'ko, mngekwenda wapi?" Akavuta nguo nyingine mapajani. "Mie nshakusamehe zamani. Lakini ile hadithi usiisimulie tena mbele yangu, ndugu yangu. Nimecheka miaka minne, nimechoka."

Nikamwahidi. Mbele yake sijaisimulia tena. Kwa wengine nimeendelea kuisimulia, na bado wanacheka.