Nyani Jikoni kwa Erica

Erica na mumewe Ebeneza walihamia Matembwe baada ya kuendesha duka Makambako kwa miaka mingi. Walijenga nyumba ya matofali ya kuchoma mwisho kabisa wa kijiji, ardhi inapoteremkia kwenye bonde lenye msitu. Jiko walilijenga nje, nyuma ya nyumba, na kando ya jiko hilo Ebeneza akachimba shimo la taka. Aliliacha wazi, kama walivyozoea mjini.

Bondeni kulikuwa na kundi la nyani. Walipoanza kuja shimoni kufuata maganda ya viazi na maparachichi yaliyooza, Erica alifurahi. Dukani alizoea watu kutwa nzima, na huku kimya kilimchosha. Akawa anawatupia kiporo cha ugali na kuwatazama wakinyang'anyana.

Asubuhi moja akaja Rabson, jirani mwenye shamba la mahindi upande wa pili wa njia.

"Kamwene, mama Ema," alisalimia, akimwita kwa jina la binti yake.

"Kamwene, baba. Karibu ukae."

Rabson hakukaa. "Hawa nyani nimekua nao. Zamani walipita tu, tukiwafukuza wanakwenda zao. Sasa wanajua kwako kuna chakula. Wakitoka hapa, wanamalizia shambani kwangu."

Erica aliona aibu, akaomba radhi. Tangu siku hiyo hakuwatupia kitu tena. Shimo, hata hivyo, lilibaki wazi. Alidhani kuacha kuwalisha kwa mkono kunatosha.

Jumamosi iliyofuata alikuwa akirudi kutoka mazoezi ya kwaya aliposikia mbwa wakibweka nyumbani kwake. Akakaza mwendo. Alimkuta Ebeneza na mpini wa jembe mbele ya mlango wa jiko uliofungwa. Rabson alikuwa na mkuki, na mbwa wake wawili walikuwa wakiparua mlango. Juu ya bati dume kubwa la nyani lilikuwa likienda huku na huku, likiwafokea.

"Nimemfungia mmoja ndani!" Ebeneza alisema. "Leo watatutambua."

Sufuria zilianguka ndani kwa kishindo, kisha ikasikika sauti nyembamba, ya kulia. Erica akachungulia kwenye upenyo wa dirisha. Nyani jike alikuwa amejibana pembeni mwa mafiga, mtoto amemng'ang'ania tumboni.

"Ana mtoto," alisema. "Baba Ema, weka huo mpini chini."

"Amemwaga unga wote!"

"Unga ni wetu na shimo ni letu. Sisi ndio tuliomleta mpaka hapa." Akamgeukia Rabson. "Baba, nakuomba, wafunge mbwa wako. Ukimuua huyu, kesho watakuja wengine, maana chakula bado kipo. Nitalifunika hilo shimo. Na mpaka uvune, nitakuja kulinda shamba pamoja nawe."

Rabson aliushusha mkuki. Kisha akawashika mbwa kamba, akawavuta hadi upande wa mbele wa nyumba. Ebeneza akamfuata, akinung'unika.

Erica alibaki peke yake. Alichukua mti mrefu wa kuanikia nguo, akasimama kwenye kona ya ukuta, akasukuma komeo la mbao kwa ncha yake. Mlango ukafunguka kidogo. Hakuna aliyetoka.

Kisha jike akachomoka, mweupe kwa unga kuanzia kichwani hadi mkiani, mtoto akining'inia chini yake. Alikimbia moja kwa moja kuelekea bondeni. Dume likaruka kutoka juu ya bati, likamfuata.

Rabson alikuwa akichungulia. Alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Utadhani katoka mashineni kusaga!" Ebeneza naye akashindwa kujizuia. Erica alikaa chini palepale kwenye majani, akashusha pumzi, machozi yakimtoka huku akicheka.

Jumatatu Ebeneza alilifunika shimo kwa mabanzi mazito ya mbao na mawe, akaweka wavu wa chuma dirishani. Erica akawa anaokota kila parachichi lililoanguka uani kabla hajaenda kulala. Nyani hawakuacha mara moja. Kwa majuma kadhaa walikuja wakiwa wakali zaidi, wakivuta mabanzi, na Ebeneza alisema yeye na mkewe wamejisumbua bure. Lakini kila alfajiri Erica alikuwa shambani kwa Rabson, akipiga debe kuwatisha.

Taratibu wakapungua. Ikafika siku ambayo kundi lilipita juu kwenye miamba ya bondeni bila hata kugeuka.

Rabson alipomaliza kuvuna, alipita kumshukuru.

"Kesho usije, mama Ema. Hakuna cha kulinda."

Asubuhi iliyofuata Erica aliamka jua limeshapanda. Alimsikia mumewe akichochea moto jikoni, akavuta blanketi, akalala tena.